Mshenga wa Boriti ya Tano

Nitakuapia mapema ili tusisumbuane katikati ya maneno: haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kati ya adhuhuri na alasiri, katika nyumba iliyoko Mkomani hapa Lamu. Mwenye nyumba yu hai. Ukimuuliza atakwambia vilevile nitakavyokwambia, ila yeye atapunguza kidogo kwa sababu ana haya. Mimi sina haya hizo. Wapo watakaosema Bi Bomba kazidisha chumvi, nawe waache waseme.

Bi Bomba ndiye mimi. Jina hilo sikujipa. Nimepewa na wanaume wanaokaa barazani, kwa sababu ya bomba la dawa ninalobeba mgongoni nikipita vichochoroni. Kazi yangu ni wadudu. Unaumwa usiku, huelewi ni nini, unanipigia simu. Nakuja, naangalia, nakwambia ni nani anayekula, kisha namtoa. Kazi nimerithi kwa marehemu baba, ambaye alikuwa hodari na alikuwa na kasoro moja tu: alikuwa mwanamume. Nyumba zetu mwanamume wa nje haingii vyumba vya ndani hivi hivi, na kunguni, kama ujuavyo, hakai ukumbini kungoja wageni. Mimi naingia mpaka mvunguni.

Na sikosei. Ukiona vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro, hao ni kunguni, usijidanganye kwamba ni mbu. Ukiona udongo umepanda ukutani kwa mstari mwembamba, hao mchwa, na tafadhali usiukwangue kabla sijafika, maana mstari huo ndio utakaonipeleka kwao. Ukiona unga mkavu wa rangi ya biskuti chini ya boriti, na juu yake vitundu vya duara ambavyo sindano ingepita, huyo ni dumuzi, mdudu anayekula mti kutoka ndani. Dumuzi ukimpulizia dawa juu juu anakucheka. Unamwendea kitundu kwa kitundu, kwa sindano, ukimaliza unaziba kwa nta.

Boriti ni ile miti ya mikoko inayobeba dari zetu. Zikiliwa hizo, nyumba imeliwa yote. Kwa hiyo kila boriti mimi huigonga mara tatu kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima hujibu ko. Iliyoliwa hujibu bu. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu baba aligonga mara tatu. Ya kwanza ya kusikia, ya pili ya kuhakikisha, na ya tatu, alisema, ni ya kumwonyesha mwenye nyumba kwamba umehakikisha.

Jambo jingine ulijue kabla sijaendelea. Mimi sinyamazi. Tangu chuo cha Kurani, Mwalimu alikuwa akinitoa nje kwa mdomo. Na haya yaliponipata nilikuwa na miaka thelathini na moja, sijaolewa. Usinihurumie, posa zilikuja. Zilikuja kwa ami yangu, zikazungumzwa na ami yangu, zikavunjwa na ami yangu, na mimi nikazisikia jikoni kwa mama wiki moja baadaye, tunamenya vitunguu. "Alikuja mtu wa Shela," ataniambia. "Ami yako amemwambia angoje kwanza." Basi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi.

Sasa tuingie.

Siku moja nilipigiwa simu na binti mmoja aliyeolewa Mombasa. Mama yake, Bi Rukia, alikuwa amefiwa na mume, mzee aliyekuwa akiuza vitambaa, na alikuwa akikaa eda, zimebaki siku kumi na tisa. Unajua eda ya mjane: miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani kwa marehemu, hajipambi, hatii manukato, na mwanamume hamposi.

"Dada, mama anasema dari inamwagika unga," binti aliniambia. "Kama nyumba haifai, nimtoe leo. Lakini nikimtoa edani kwa jambo la uongo, sitajisamehe. Nikimwacha dari ikamwangukia, pia sitajisamehe. Wewe kaangalie unipe neno."

Nilikwenda siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri. Bi Rukia alinipokea chumba cha ndani kabisa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwembamba, mpole, amevaa kanga kuukuu zilizopauka.

"Kaa tini, mwanangu," alisema kwa Kiamu chake. "Unga washuka papa hapa, yuu ya mswala wangu. Kila siku nikimaliza adhuhuri. Nimechoka kufagia."

Nikatazama. Kweli, katikati ya mswala palikuwa na kichuguu cha unga, kidogo, cha kujaza kijiko. Nikajisemea, dumuzi, saa moja nimemaliza. Nikapiga magoti nikauchota kwa kidole.

Hapo nikasita. Rangi haikuwa ya biskuti. Ilikuwa njano ya kupauka, safi. Unga wa dumuzi ukiusugua unakwaruza kidogo, huu uliteleza. Nikaunusa, nikakaa kitako pale pale sakafuni. Ulikuwa liwa. Wanawake wa pwani hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: liwa ni unga wa mti wenye harufu nzuri ambao mwari hupakwa mwili mzima kabla ya harusi yake.

"Bi Rukia, samahani nikuulize. Unajipaka liwa?"

"Nami ni edani?" Aliniangalia kama nimemtukana. "Astaghfirullah. Tangu marehemu kuondoka sijagusa hata karafuu."

Nikamwomba radhi. Nikachukua ngazi, nyundo na tochi, nikapanda. Mdudu gani anakula mkoko akatoa liwa? Hayupo. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, nakwambia hayupo. Nilipitisha tochi juu ya kila boriti kutoka mlangoni. Hakuna kitundu. Nikaanza kugonga. Ya kwanza: ko, ko, ko. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote nzima, mti mgumu kama siku ulipokatwa. Nikafika ya tano, ile iliyopita juu ya mswala. Ko, ko, ko.

"Karibu, mshenga," ikasema sauti kutoka ndani ya boriti.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, si ya kutisha hata kidogo. Unadhani nilifanyaje? Nilianguka kwenye ngazi? Nilikasirika. Nilijua ni kijana wa jirani amepanda juu ya dari anawachezea wanawake waliofiwa. Nikashuka, nikapanda ngazi za nyumba hadi juu ya paa, na nyundo mkononi, nimeshaandaa maneno. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jua, kamba ya nguo, na sakafu ya moto iliyonichoma nyayo. Nyumba za jirani ziko mbali na paa lile kwa upana wa kichochoro kizima.

Nikarudi chini. Bi Rukia alikuwa ameshika tasbihi, ameinua uso kwenye boriti ya tano. Kwa hiyo alisikia na yeye. Nataka ulishike hilo, maana kuna watu huniambia ulikuwa uchovu wa jua.

Nikapanda tena. Nikagonga tena tatu.

"Karibu, mshenga. Hodi zako tatu nimezisikia. Umeleta jawabu la Bi Rukia?"

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Mposaji."

"Unatoka wapi?"

"Nilikuwa mtini kabla mti haujatiwa shoka," akasema, na Kiamu chake kilikuwa kile cha wazee wa wazee wetu, ambacho siku hizi unakisikia mara moja moja tu kwa mtu aliyebakia. "Nimekaa nao kwa adabu miaka yote, wao tini, mimi yuu. Mwenyewe ameondoka. Mwanamke amebaki peke yake. Namposa. Liwa ndiyo salamu yangu."

Haya, wewe ungefanyaje? Wengine wangekimbia, na wangekuwa na haki. Mimi nilimkemea. Nilimkemea kama ninavyomkemea muuza samaki anayenipimia vibaya.

"Huna haya," nikamwambia. "Mwanamke yuko edani. Haposwi, wala hatiwi manukato. Unakaa juu ya vichwa vya Waislamu tangu wakati huo, hukusikia darasa hata moja? Zimebaki siku kumi na tisa. Ngoja ziishe, inshallah."

Kisha akasema, "Nimengoja zaidi ya hizo," na unga ukakoma. Hata ile chembe iliyokuwa ikiteremka wakati tunazungumza, ilikatika.

Nikashuka najiona mshindi. Nikakunja vifaa vyangu. "Bi Rukia, mambo yamekwisha. Hatakusumbua tena."

"Umesikia ulilomwambia, mwanangu?"

"Nimemwambia angoje."

Bi Rukia aliweka tasbihi chini. Uso ulikuwa umemshuka. "Umempa miadi," alisema.

Nikataka kubisha, kisha nikaviweka tena vifaa chini. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Sisi huku hatumwambii mshenga hapana usoni. Asiyetakiwa huambiwa riziki hiyo haikuandikwa, na anaelewa, anakunywa kahawa yake anaondoka. Lakini anayeambiwa "ngoja, inshallah" ameshikishwa kamba. Atarudi, na atarudi na haki. Mimi, niliyesikia posa zangu zote zikiambiwa zingoje, mimi wa kusahau hilo. Nilijibu kwa mazoea tu ya mdomo, na mdomo wangu ukamfunga mwanamke wa watu.

"Toa boriti basi," Bi Rukia aliniambia.

"Nikiitoa, dari yote inakuja."

"Itie dawa."

"Niitie wapi? Haina kitundu."

Bi Rukia alianza kulia polepole, bila kelele, na mimi nililia naye, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nilimwahidi jambo moja: siku eda itakapoisha, nitakuwa pale kabla ya huyo mposaji. Binti yake nilimpigia nikamwambia dari ni imara na mama asihamishwe. Hilo lilikuwa kweli. Mengine sikumtajia.

Siku kumi na tisa sikulala vizuri. Nilifikiria sifa, yale mafuta ya papa ambayo watu hupaka vyombo vya baharini. Nilifikiria mafuta ya taa. Nilifikiria kuita walimu wasome Kurani. Bi Rukia akakataa walimu. Alisema akiingiza wanaume watano nyumbani na yeye yuko edani, watu watazua lao, na habari ya kuposwa na boriti itafika Pate kabla ya wao kushuka ngazi. Aliogopa aibu kuliko alivyoogopa boriti, na mtu wa Lamu atamwelewa.

Mwishowe nikamwambia mama yangu, jikoni, tunamenya vitunguu. Mama hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu.

"Huyo Bi Rukia si ameshawahi kuolewa?"

"Mama, si mjane?"

"Basi hofu ya nini? Ulikuwa unafundishwa nini chuoni, wewe? Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni idhini. Mjane, sivyo. Mjane lazima atamke kwa ulimi wake. Akinyamaza mpaka kiama, hajaolewa. Na akitaka kukataa, akatae mwenyewe, jambo limekwisha. Mshenga huwezi kumwoza mtu kwa 'inshallah'."

Niliposikia hivyo nilimkumbatia na vitunguu mkononi. Naye akacheka, akaniambia, "Wewe ndiye utakayeolewa kwa kimya. Ila sijui hicho kimya tutakitoa wapi."

Tulicheka sana. Nayakumbuka maneno hayo kila siku.

Siku ya mwisho ikafika. Wanawake wa mtaa walikuwa wamepangiwa kuja baada ya alasiri, na halua na buni za kukaanga, kumtoa Bi Rukia eda kwa heshima. Mimi nilifika adhuhuri inapoadhiniwa. Nilikuwa na bomba mgongoni, limejaa. Usiniulize nilitaka kumpulizia nani. Ni mazoea, bila bomba najiona sijavaa. Nilimfundisha Bi Rukia maneno. Akiuliza, usinyamaze. Sema sitaki. Kwa sauti. Aliitikia kwa kichwa.

Tulikuwa tumemaliza sala tuliposikia hodi. Haikutoka kwenye boriti. Ilitoka mlango wa chini, mlango wa watu, mara tatu, kwa nafasi.

"Asiingie ndani," Bi Rukia alisema.

Nikashuka nikafungua. Unazijua daka za nyumba zetu, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku? Alikuwa amesimama hapo kwa adabu, amegeuka pembeni asichungulie ndani, kama afanyavyo mtu aliyelelewa. Kanzu nyeupe imepigwa pasi. Kofia ya kushonwa kwa mkono. Miguu nilimwangalia kama ina kwato za jini, unajua kwa nini. Ilikuwa miguu ya mtu, na ndala za buluu. Macho yake yalikuwa ya kawaida. Ukimpita sokoni, usingegeuka.

Lakini mimi kazi yangu ni dalili. Ukingo wa mkono wa kanzu ulikuwa na vitundu vidogo. Alipoinua mkono kunisalimia, kutoka kwenye mkono ule ulidondoka unga, kidogo, ukaanguka kwenye jiwe, na daka lote likanuka liwa. Na kiganja chake, alipokifungua, kilikuwa na vitundu vya duara, safi, vingi, sindano ingepita. Havikuwa na damu. Nikamtambua palepale, kwa vitundu na kwa unga, kama ninavyomtambua mwingine yeyote.

Alitoa salamu, nikaitika. Salamu haikataliwi.

"Mshenga," akasema, "siku zimekwisha. Sikuvuka hata moya."

"Mimi si mshenga wako," nikamjibu, "lakini fundo nililifunga mimi, nitalifungua mimi. Hapa mjane hasemewi na mtu. Keti hapo. Bi Rukia yuko nyuma ya mlango. Muulize, atatamka mwenyewe."

Akaketi. Kiti cha mawe kikapata unga. Bi Rukia alikuwa ameshuka, amesimama nyuma ya ubao wa mlango, namwona ukanda wa kanga yake.

"Bi Rukia, nakuposa. Wanitaka?"

Kimya. Nilimsikia anavyopumua.

"Bi Rukia, nakuposa. Wanitaka?"

Kimya tena. Nikaanza kutoka jasho. Najua nilichokisema, najua mama alichokisema, lakini pale mlangoni sharia ilionekana iko mbali na yule mtu yuko karibu. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ile ile, bila haraka.

"Sikutaki," Bi Rukia akasema. Sauti ilitetemeka mwanzo, kisha ikanyooka. "Nimekaa na mume miaka ishirini na sita, tukaelewana, Mungu amrehemu. Yanitosha. Ukitaka kukaa boritini kaa, ulikuwako kabla yangu. Lakini huo unga wako sifagii tena."

Nilikaribia kupiga vigelegele. Yule mposaji aliinamisha kichwa. Sikuona hasira, sikuona hata kuudhika.

"Nimesikia," akasema, akainuka, akapangusa kanzu yake. Na mimi nikawa natafuta neno la kumsindikiza nalo, neno zuri la kuchoma, la kumfanya asirudi Mkomani milele. Nilikuwa nalo ncha ya ulimi. Ndipo akanigeukia.

"Na wewe, mshenga?" akasema. "Umenijia kwa hodi ya heshima. Umenikemea kwa haki. Umetimiza ahadi. Nakuposa wewe. Wanitaka?"

Nami nikanyamaza.

Niamini, sikupoteza sauti. Sauti ilikuwepo. Hofu? Ilikuwepo pia, kidogo, lakini hofu hainifungi mdomo, hunifungulia. Nitakwambia kweli, kwa kuwa nimeshaapa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniuliza mimi. Hakumwendea ami yangu. Aliniangalia, mimi na bomba langu mgongoni na mikono yangu inayonuka dawa, akaniuliza ninataka au sitaki, kisha akangoja. Nilifurahi kuulizwa. Aibu yangu ni hiyo, na sijamwambia mtu mwingine.

"Sema, mwanangu," Bi Rukia alisema nyuma ya mlango. "Sema upesi."

Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Nilikuwa nahesabu vitundu vya kiganja chake kama mjinga.

"Kimya chako nimekisikia," akasema, kwa furaha ya kistaarabu, akaaga, akatoka. Nilipozinduka nikakimbia hadi kichochoroni, kichochoro kilikuwa kitupu mpaka kona, na kutoka dakani kwenda konani palikuwa na mstari mwembamba wa unga. Punda mmoja alipita akaukanyaga. Haukuwepo tena.

Basi. Bi Rukia alitoka eda alasiri ile kwa halua na buni, na dari yake haijamwaga chembe hadi leo. Mwaka uliofuata aliolewa na mkulima mmoja wa simsim huko Kililana, mtu mzuri, kwa hiari yake na kwa ulimi wake. Nyumba ya Mkomani anakaa binti yake akija likizo.

Mimi? Nyumbani kwetu, tangu wiki ile, hakuna mdudu. Sikutii chumvi. Hakuna mende, hakuna sisimizi. Mwaga sukari jikoni, asubuhi utaikuta sukari. Hakuna mbu mvua ikinyesha. Wateja wakija wakaona wananisifu dawa yangu, na mimi nawaachia wasifu. Na kila Ijumaa baada ya adhuhuri, juu ya mto wangu wa kulalia, kuna liwa ya kujaza kijiko.

Posa ziliendelea kuja. Alinitaka mwalimu mmoja wa Chundwa, mtu mpole, nilimpenda hata. Wiki ile ile mchwa waliingia nyumbani kwake wakala kitanda, wakala kabati, wakala vitabu vyote vya shule, wakaacha majalada. Akafuata mfanyabiashara wa hapa mjini. Kunguni walimtoa nyumbani akawa analala dukani kwake. Na unadhani aliitwa nani kuja kuwatoa wadudu hao? Niliitwa mimi. Nilikwenda, nikapiga dawa, wakatoka. Wale waungwana wakaona dalili wenyewe, wakasema riziki haikuandikwa.

Nilimuuliza mwalimu mmoja wa dini, bila kutaja jina langu. Alisema hakuna walii wa kumwoza, hakuna mashahidi, hakuna mahari, kwa hiyo hakuna ndoa, na huyo mwanamke alale usingizi wake. Najua. Ni kweli tupu. Lakini nani atakwenda kumwambia hayo yeye?

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Ukigonga boriti ya nyumba ya zamani, gonga mbili. Au nne. Tatu ni hodi, na hodi ina mwenyeji. Asiyetakiwa usimwambie angoje; mwambie hapana, ataudhika leo, kesho atapona. Na ukiulizwa jambo, awe mtu, awe mti, fungua kinywa ujibu. Kuna wanaongojea unyamaze.

Mama yangu, niliyemsimulia yote isipokuwa ile furaha, sasa ni mzee. Bado tunamenya vitunguu pamoja. Juzi aliniuliza, bila kuniangalia: "Boriti ya Mkomani bado iko, ngazi unayo, mdomo unao. Kwa nini hupandi ukagonga, ukamwambia tu hapana?"

Nikaendelea kumenya. Maswali yote ya mama huwa nayajibu, hilo tu ndilo ambalo mpaka leo sijalijibu.